Rivyu ya ntpath na posixpath: moduli mbili za Python zinazofanya kazi kimyakimya

Kama unaandika Python basi hizi moduli mbili, ambazo kazi yake ni kukata na kuunga njia za mafaili (yaani anwani ya faili ndani ya mashine), unazitumia kila siku hata kama hujawahi kuandika majina yake, maana kila ukiita `os.path.join` au `os.path.basename` anayefanya kazi nyuma ya pazia ni `posixpath` ukiwa Linux au Mac, na `ntpath` ukiwa Windows. `os.path` ni jina la kuazima tu. Huamini? Andika `import os` alafu `print(os.path.__name__)` uone inajibu nini, haitakuambia os.path. Ukifungua faili lenyewe la `os.py` utakuta linaangalia kwanza kama Python hiyo imejengwa na moduli ya ndani ya `posix` au ya `nt`, ikishajua inaimpoti moja kati ya hizi mbili na kuipa jina la `path`, afu inaipachika kwa mkono ndani ya `sys.modules` kwenye nafasi ya `os.path`. Ndo maana `import os.path` inakubali ingawa `os` ni faili moja tu, sio folda lenye moduli ndani.

Kilichonifanya niandike ni kwamba kwa miaka mingi nyaraka za Python zilizitaja hizi mbili kwa mstari mmoja mmoja, kwenye kundi la moduli za mfumo fulani ambazo hazijaelezwa popote, na hapohapo wakaongeza kwamba hakuna haja kubwa ya kuzieleza. Jamani. Haja ipo kabisa, maana zina kitu ambacho `os.path` haikupi: we ndo unachagua sheria za mfumo gani zifuatwe, sio mashine uliyokalia.

Na hapa zinaachana kabisa na ndugu zake. Moduli nyingine za Windows kama `winreg`, `msvcrt` na `winsound` ukijaribu kuziimpoti ukiwa Linux unapigwa ModuleNotFoundError papo hapo, na za upande wa pili kama `fcntl`, `termios`, `pwd` na `grp` zinakufanyia hivyohivyo ukiwa Windows. Lakini `ntpath` inaingia Linux bila kelele, na `posixpath` inaingia Windows bila kelele, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ni kukata na kuunga maandishi tu, na maandishi ni maandishi popote. Jina linakutisha kwamba hii ni ya Windows peke yake, kumbe sivyo.

Tuanze na `ntpath` maana ndo yenye utamu zaidi. Chukua mfano huu, uko Linux:

```
njia = r"C:\Kazi\2024\ripoti.xlsx"
os.path.basename(njia)   # inarudisha yote: C:\Kazi\2024\ripoti.xlsx
ntpath.basename(njia)    # inarudisha ripoti.xlsx
```

Ya kwanza haijakosea, ni kwamba kwa Linux mkwaju wa kinyume (`\`) ni herufi halali kabisa ndani ya jina la faili, kwa hiyo kwake hilo lote ni jina moja refu lenye sura mbaya. Tatizo ni kwamba hakuna onyo lolote, programu inaendelea tu, mwisho unakuta seva yako imehifadhi faili ambalo jina lake lina C na nukta pacha na mikwaju ndani yake. Na hizi njia za Windows zinatua kwenye mashine za Linux kila siku: logi zilizotumwa kutoka kompyuta za ofisi, CSV yenye safu ya majina ya mafaili, setingi iliyonakiliwa kutoka kwenye laptopu ya mtu, hata fomu za kupakia mafaili, Internet Explorer za zamani zilikuwa zinatuma njia nzima ya faili badala ya jina lake tu. Watu wengi wakikutana na hii wanakimbilia `split("\\")[-1]`, na inafanya kazi hadi siku mtu alete `C:/Kazi\2024/ripoti.xlsx` yenye mikwaju mchanganyiko, ambayo Windows inaikubali bila shida. `ntpath` inaelewa mikwaju yote miwili, haikuulizi maswali.

Hiyo tabia ya kuelewa mikwaju yote miwili naipenda sana kwa upande wa usalama. Tuseme seva yako ni Linux na unasafisha jina la faili lililoletwa na mtumiaji kwa `os.path.basename`, mtu akileta `../../siri.txt` inakatwa vizuri, lakini akileta `..\..\siri.txt` inapita kama ilivyo kwa sababu kwa Linux hilo ni jina la kawaida, afu baadae faili hilo linasafirishwa kwenda mashine ya Windows na huko sasa zile nukta mbili mbili zinafufuka na kuanza kupanda juu ya folda. Ukipitisha kwenye `ntpath.basename` zote mbili zinakatwa kwa mpigo mmoja, hata `C:siri.txt` inabaki `siri.txt`. Bado uangalie mwenyewe kama kilichobaki ni `..` tupu au hakuna kitu kabisa, hilo haikufanyii. Na kama mtumiaji wako wa Linux ana faili ambalo kweli lina mkwaju wa kinyume kwenye jina lake utamkatia jina, ila mtu wa hivyo mi naona ameyataka.

Afu kuna mambo ya draivu. Hapa ndo unagundua Windows ina sheria nyingi kuliko ulivyodhani na kwamba aliyeandika hii moduli amekuondolea kazi kubwa. `ntpath.splitdrive` inatenganisha `C:` na kilichobaki, sawa hiyo hata wewe ungeiandika, lakini mpe `\\seva\pamoja\folda\faili.txt`, zile njia za mafaili ya mtandaoni, inajua kwamba `\\seva\pamoja` yote kwa pamoja ndo inahesabika kama draivu na inakurudishia `\folda\faili.txt` upande wa pili. Nenda kwenye `ntpath.join` uone vituko: `join("C:", "ripoti.txt")` inakupa `C:ripoti.txt`, bila mkwaju katikati, na ni sahihi, maana kwa Windows hiyo ina maana yake, ni faili lililopo kwenye folda uliyosimama sasa ndani ya draivu C, sio kwenye mzizi wa C. `join(r"C:\data", r"\logi")` inatoa `C:\logi`, yaani folda linatupwa ila draivu inabaki, wakati `join(r"C:\data", "D:logi")` inatupa vyote na kubaki na `D:logi`. Nani angeyakumbuka yote haya kwenye kodi yake mwenyewe? Hata `ntpath.pathsep` ina matumizi, ni nukta mkato, kwa hiyo ukiletewa PATH (orodha ya folda ambamo mfumo unatafuta programu) ya mashine ya Windows unaikata nayo sawasawa, tofauti na `posixpath.pathsep` ambayo ni nukta pacha na ingekukatia `C:` katikati.

Kuanzia Python 3.12 wameongeza `splitroot` inayokupa vipande vitatu, draivu, mzizi na kilichobaki, na kwa kweli ingekuwepo tangu zamani ingeokoa kodi nyingi mbovu. Na 3.13 imeleta `isreserved`, hii nimeifurahia kuliko zote. Windows ina majina ambayo huruhusiwi kuyapa mafaili, CON, PRN, AUX, NUL, COM1 na wenzake, LPT1 na wenzake, hata ukiweka kiambishi cha mwisho, yaani `nul.txt` nayo haramu, na pia majina yanayoishia na nukta au nafasi, na yenye alama kama `?` na `*`. Nyaraka zinasema `os.path.isreserved` inapatikana Windows tu, na ni kweli, ukiiita hivyo ukiwa Linux unapata AttributeError. Lakini `ntpath.isreserved("nul.txt")` ukiwa Linux inajibu True bila tatizo lolote! Mtu wa seva ya Linux ndo anayeihitaji zaidi, maana ndo anayepokea mafaili kutoka kwa watu wa kila aina na kuyapeleka kwa wateja wa Windows, na kwake ndo maelezo yanamwambia haipo.

`posixpath` nayo ina kazi yake ukiwa Windows, na ni rahisi zaidi kueleza. Vitu vingi vinavyofanana na njia za faili sio njia za faili za mashine yako, vinatumia mkwaju wa kawaida daima bila kujali uko wapi: majina ndani ya faili la zip, sehemu ya njia kwenye anwani ya wavuti, funguo za vitu kwenye hifadhi za wingu. Ukiviunga kwa `os.path.join` ukiwa Linux kila kitu kinaenda safi, testi zote kijani, afu mwenzako anaendesha kodi hiyohiyo Windows anapata `picha\2024\a.jpg` ndani ya anwani na kila kitu kinavunjika. Ukiandika `posixpath.join` matokeo ni yaleyale kila mahali. Wenye Python wenyewe wanajua hili, fungua `http.server` au `mimetypes` utakuta wameiimpoti `posixpath` kwa jina lake, na maktaba za wavuti nazo hivyohivyo, Django kwenye sehemu inayotoa mafaili tuli, na Werkzeug kwenye `safe_join` yao. Yaani wakubwa wote wanaitumia, ila mwanafunzi hakuna anayemwambia.

Ila usiitupie anwani nzima ya wavuti, aisee. `posixpath.normpath` ukiipa `http://mfano/a/../b` inakula mkwaju mmoja na kukuachia `http:/mfano/b`, na `posixpath.join` ikikutana na kipande kinachoanza na mkwaju inatupa vyote vilivyotangulia. Kata kwanza kwa `urllib.parse.urlsplit`, chukua sehemu ya njia peke yake, ndo uilete hapa. Kuna kingine kidogo, njia inayoanza na mikwaju miwili `normpath` inaiacha na miwili yake, ikianza na mitatu inabaki mmoja. Sio hitilafu, ndivyo POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix) inavyoruhusu, mikwaju miwili ya mwanzo mfumo unaweza kuipa maana yake maalum.

Sasa kero, na hii ndo sababu sitoi nyota zote. Ndani ya moduli hizi kumechanganywa aina mbili za funksheni na hakuna kitu kinachokuonyesha ipi ni ipi. Kuna zinazogusa maandishi tu, `join`, `split`, `splitext`, `basename`, `dirname`, `splitdrive`, `normpath`, hizi tumia popote kwa amani. Na kuna zinazogusa diski au mazingira ya mashine uliyopo, `exists`, `isfile`, `getsize`, `abspath`, `realpath`, `expanduser`, `expandvars`, na hizi ukiziita kwenye moduli isiyo ya mfumo wako unapata majibu ya ajabu bila kosa lolote kutangazwa. `ntpath.exists(r"C:\Windows")` ukiwa Linux itaenda kweli kutafuta kwenye diski ya Linux faili lenye jina hilo lote, haitalipata, itakujibu False. `ntpath.abspath("faili.txt")` ukiwa Linux inachukua folda uliyosimama, inageuza mikwaju yake na kukupa kitu kama `\home\kazi\faili.txt`, ambayo sio Linux wala sio Windows, haipo popote duniani. `ntpath.realpath` nje ya Windows haifuatilii viungo vya mafaili (symlink) kabisa, ni `abspath` ileile iliyobadilishwa jina. `expanduser` ya upande wa Windows inatafuta USERPROFILE kwenye mazingira, Linux haina, basi inakurudishia alama ya `~` yako kama ulivyoileta. Na `relpath`, ile ya kutafuta njia kutoka folda moja hadi sehemu nyingine, ni ya katikati, ukiipa njia mbili kamili zenye draivu ileile inafanya vizuri hata ukiwa Linux, ukiipa njia fupi inaita `abspath` kwa siri na tunarudi kulekule, na draivu zikitofautiana inatupa ValueError.

Hata `normcase` ina kautata. Ukiwa Windows inauliza mfumo wenyewe herufi zigeuzwe vipi kuwa ndogo, ukiwa Linux inatumia `lower()` ya kawaida, kwa hiyo kwa herufi za A hadi Z hutaona tofauti lakini kwa herufi za lugha nyingine majibu yanaweza yasifanane. Kama unalinganisha majina ya mafaili ya Windows ukiwa kwenye seva ya Linux, liweke hilo kichwani.

Kero ya pili ni matoleo. Tabia zinabadilika na kwa kuwa moduli zenyewe hazina ukurasa wake unalazimika kusoma maelezo ya `os.path` na kujifasiria. Mfano mkubwa ni `ntpath.isabs`: hadi 3.12 ukiipa `\folda` inasema True, kuanzia 3.13 inasema False, kwa hoja kwamba njia isiyo na draivu haijakamilika. Hoja nzuri tu, lakini kama kuna sehemu ya ukaguzi kwenye kodi yako ilikuwa inakataa njia kamili kwa kutegemea `isabs` peke yake, sasa ina tundu. Halafu 3.11 walihamishia `normpath` kwenye lugha ya C ili iende kasi, ikaja na hitilafu ya usalama, CVE-2023-41105, njia ikiwa na herufi ya null (`\0`, sio tarakimu 0) ndani yake `normpath` inaikata hapo na kutupa kilichobaki. Ilikuwepo kuanzia 3.11 hadi 3.11.4. Kama bado kuna mashine yako imekaa kwenye hayo matoleo, pandisha leo.

Najua kuna mtu anasubiri kuniuliza mbona usitumie `pathlib`, moduli nyingine ya Python ya kushughulikia njia za mafaili. Swali zuri, na jibu langu ni kwamba kwa kodi mpya mara nyingi ndiyo, tumia. Tangu 3.4 kuna `PureWindowsPath` na `PurePosixPath`, na ile tatizo la kuchanganya maandishi na diski wamelimaliza vizuri kabisa, zile zenye Pure hazina hata hiyo `exists`, huwezi kujikwaa hata ukitaka. Kulinganisha nako wanafanya kwa akili, `PureWindowsPath("c:/A")` na `PureWindowsPath("C:/a")` zinahesabika sawa. Lakini kuna wakati `ntpath` inashinda. `pathlib` haikubali baiti, hizi zinakubali, na ukisoma majina ya mafaili kutoka kwenye faili la zamani ambalo hujui herufi zake zimesimbwaje utashukuru. Ukiwa na mamilioni ya mistari ya logi, kutengeneza kitu kizima cha `pathlib` kwa kila mstari ili uchukue jina la mwisho tu ni mzigo wa bure. Na mwisho wa siku `pathlib` yenyewe inaziita hizihizi kwa chini: kuanzia 3.13 kila njia ya `pathlib` ina kitu kinaitwa `parser`, ukiiuliza inakuonyesha wazi ni `posixpath` au `ntpath`.

Matumizi ninayoyapenda mimi binafsi ni kwenye testi. Badala ya kuandika `os.path` ndani ya funksheni, ipokee kama kigezo:

```
def jina_la_nakala(njia, p=os.path):
    shina, kiambishi = p.splitext(p.basename(njia))
    return shina + "_nakala" + kiambishi
```

Kwenye matumizi ya kawaida hubadilishi chochote, kwenye testi unaipa `p=ntpath` afu `p=posixpath` na umejaribu mifumo miwili ukiwa umekaa kwenye mashine moja. Nimeona watu wanaenda kubadilisha `os.path` yenyewe kwa nguvu wakati testi inaendelea, usifanye hivyo, kila moduli nyingine iliyo ndani ya programu hiyo nayo itaanza kuamini iko Windows na utapata makosa ambayo hayana kichwa wala miguu.

Familia hii ilikuwa kubwa zaidi zamani. Kulikuwa na `os2emxpath` ya OS/2, ikaondoka 3.4, na `macpath` ya Mac OS za kale ambako folda zilitenganishwa kwa nukta pacha badala ya mkwaju, wakaitangaza kuwa imepitwa na wakati 3.7 na 3.8 wakaifuta. Zilizobaki mbili sioni dalili ya kuondoka maana zikitoka hizo hakuna `os.path`. Sio kama `crypt`, `spwd`, `nis`, `msilib` na `ossaudiodev`, moduli za mfumo mmoja mmoja zilizofagiliwa kwa mpigo kwenye 3.13.

Nyota: nne kwa tano kwa kazi, mbili kwa tano kwa maelezo. Maelezo ya `os.path` yana sentensi inayokuambia unaruhusiwa kuziimpoti hizi moja kwa moja kama njia zako ni za mtindo mmoja daima, na hiyo ni afadhali, ila jedwali dogo tu la kuonyesha funksheni ipi inagusa diski na ipi haigusi lingemaliza nusu ya malalamiko yangu. Kama programu yako inasoma na kuandika mafaili ya mashine ileile inayoiendesha, achana nazo, `os.path` au `pathlib` inakutosha. Kama unapokea njia kutoka kwa wengine, fungua `ntpath.py` yenyewe usome, ni Python ya kawaida na maoni ndani ya kodi yana maelezo mengi kuliko nyaraka.